Muuza Tumbaku Anayesikiliza Pumzi

Saa tatu na robo asubuhi, mama muuza tumbaku amefumba macho nyuma ya kaunta yake. Mbele yake fundi saa wa mtaa wa pili anavuta kiko kitupu, hakina tumbaku wala moto. Anajiona mjinga, na uso unamsaliti.

"Tena," anasema mama huyu. "Taratibu."

Fundi anavuta tena. Mama anafumbua macho.

"Wewe ni wa pakiti mbili kwa siku. Na sigara ya kwanza unaiwasha kabla hujanawa uso."

Fundi anakishusha kiko. "Nani kakwambia, mama?"

"Pumzi yako. Inakimbilia kifuani kama inafukuzwa. Moshi wa kiko haumezwi, fundi. Unakaa mdomoni, unauonja, unautoa. Ukiuvuta kama sigara utakohoa mpaka umwite marehemu bibi yako."

Kwa miaka ishirini na miwili ameketi hapa, akipokea wateja wanne au watano kwa siku, wengi wao wakiikimbia sigara. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuta. Rafu ina mitungi ishirini na minane. Mwandishi wa makala haya alibadilisha kwa siri vifuniko vyenye majina ya tumbaku ili amjaribu. Mama alipita mbele ya rafu mara moja, akacheka, akavirudisha vyote mahali pake. Ilikuwa ajabu, na wala hakuona kama amefanya kitu.

Fundi ananyoosha mkono kwenye mtungi wa tumbaku tamu yenye harufu ya vanila.

"Hapo ndipo wanapoangukia wote," mama anamzuia. "Hiyo inamnukia jirani. Ulimi wako utaungua, na siku ya tatu kiko kitakuwa kabatini, wewe na sigara yako mmerudiana."

Anamchagulia jani la kahawia lililokaushwa kwa hewa, lisilo na sukari nyingi, lenye nguvu ya kumtosheleza aliyezoea sigara. Anamshindilia kiko kwa kidole, akikaza juu kuliko chini.

"Na sikudanganyi. Kiko si dawa, nacho kina madhara. Ukiweza kuacha vyote, acha. Ukishindwa, basi vuta kidogo na polepole."

Mlango unafunguliwa. Ni mume wake, fundi bomba mstaafu, amemletea miwani aliyoisahau. Sigara yake ameizima nje, kwa amri ya mwenye duka.

Mganga hajigangi. Mtaa mzima unaijua pua ya mama huyu, lakini nyumbani kwake sigara imetawala miaka thelathini na minne.

"Ngazi zetu ni kumi na nne," mama anamnong'oneza mwandishi. "Siku hizi anapumzika mara mbili. Namsubiri juu nikijifanya natafuta ufunguo. Nikimsemesha, ananiambia yeye alioa mke, hakuoa duka. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Leo mzee haondoki. Anaegemea ukuta, anamtazama fundi saa akiwasha. Moshi unapanda mwembamba, bila kikohozi. Dakika kumi zinapita, fundi hajagusa pakiti iliyo mfukoni. Anaaga akitabasamu kama mtoto aliyevishwa viatu vipya.

Mzee anasafisha koo. "Mama watoto. Mimi ungenipa ipi?"

Mwanamke aliyemsoma mgeni kwa pumzi mbili anaigeukia rafu. Anaugusa mtungi mmoja, anauacha. Anaugusa mwingine. Machozi yanamtoka, wala hayafuti.

"Leo sitaweza," anasema. "Nitakuchagulia vibaya."

"Basi kesho."

Mzee anatoka, anatembea polepole mpaka anapotelea kwenye kona. Mama anavaa miwani, anamgeukia mwandishi.

"Kesho usije mapema. Duka nitalifungua saa nne," anasema. "Kabla ya hapo nina mteja."