Swali Lilelile

Fundi wa programu wa hospitali hana papara hata foleni inapofika mlangoni. Huvua miwani, huifuta kwa upindo wa blauzi, kisha hufuata kwa kidole kwenye skrini, mstari kwa mstari, kila swali ambalo programu imeiuliza hifadhidata ya wagonjwa na muda uliopita kabla ya jibu. Asubuhi moja kidole kilisimama. Kwa kila mgonjwa kwenye orodha ya siku, iliyokuwa ikikawia kufunguka, programu ilikuwa ikirudi kuuliza upya jina la daktari yuleyule.

"Dada, hii mashine imeshazeeka," karani wa mapokezi alitania. "Imejibiwa sasa hivi, inauliza tena!"

Alicheka peke yake. Fundi aliandika mistari michache ili programu iulize mara moja tu na kulitunza jibu karibu. Orodha ikafunguka papo hapo, foleni ikaanza kusogea.

Simu yake ikaita. Tangu afike kazini alikuwa ameipokea mara kadhaa, na kila mara kwa sauti ileile changamfu, kana kwamba ndiyo ya kwanza.

"Mbona baba yako harudi?" mama yake aliuliza.

Mwaka jana, walipotoka kumzika baba, fundi alikuwa akimwambia ukweli, na kila alipomwambia, mama aliangua kilio cha mtu aliyefiwa sasa hivi.

"Yuko njiani, mama."

"Mwambie asichelewe, chakula kitapoa."

"Nitamwambia," alisema, akaiweka simu mezani, karibu na mkono.