Uzi Namba Tisa

Nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, hata leo, masikio yangu husubiri vifungo. Mama yangu alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vifungo vya kila aina, vya mashati ya kaki, vya makoti, vya gauni za harusi, na mkebe huo ulikaa juu ya meza yake ya kushonea katika nyumba yetu ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, katika mtaa wa Jericho, Nairobi. Kando ya meza ilisimama spika ya kanisa, pana kama kabati la vyombo, na juu ya spika lililazwa gitaa jekundu la umeme. Siku ambayo gitaa lile lilikuwa sawa, Mama aligonga uzi wa besi kwa dole gumba na vifungo vyote vikaanza kucheza ndani ya mkebe, tena kwa mpigo wake. Lakini kabla ya siku hiyo vifungo vilikaa kimya, na habari yangu ni ya jinsi vilivyoamshwa.

Gitaa halikuwa letu. Kanisa letu lilikutana katika ukumbi wa kukodi huko Shauri Moyo, ukumbi ambao mlango wake ulifungwa kwa kipande cha waya, basi wazee wakaona vyombo vilale kwetu kwa sababu Baba, aliyekuwa dereva wa lori na asiyemwamini mtu yeyote, alikuwa ametia mlango wetu kufuli mbili. Mama ndiye aliyeshona kanzu za kwaya. Wachache walijua kwamba kabla ya kuolewa, huko kwao Ukambani, alifundishwa na kaka yake kupiga gitaa kavu, lile lisilo na umeme. Alipiga kwa vidole viwili tu: gumba lilitembea kwenye besi bila kusimama, kama mtu anayekwenda sokoni na hana haraka, na kidole cha shahada kikadonoa wimbo juu yake. Kanisani walikuwa wamezoea vijana wanaokwaruza nyuzi kwa kijiplastiki. Watu wale wale walioona vidole hivyo vikiwavisha nguo kila Jumapili hawakuamini kwamba vinaweza kitu kingine. Naandika nikiwa nimekasirika, sifichi, na sababu nitaisema. Ila mwaka ule kwetu tulicheka sana, na kicheko kinastahili kutangulia.

Ilikuwa likizo ya Agosti, baridi ile ya Nairobi inayofanya watoto wagombanie kukaa karibu na jiko, na Anti Mwende, mdogo wake Mama, alikuwa anaolewa. Anti alisema wazi kwamba hataingia ukumbini kwa wimbo wa mtu mwingine. Dada yake ndiye atakayempigia. Mwalimu Elija, kiongozi wa kwaya, karani mwenye kalamu tatu mfukoni, alikubali kwa mdomo na kukataa kwa macho. Akaweka sharti. Siku mbili kabla ya harusi angepita kwetu kusikiliza, na kama hajaridhika angemwita kijana mmoja mpiga gitaa wa mtaa wa Bahati aje kupiga, na Mama arudi kwenye kanzu. Hapo Mama alijua kwamba akikosa mara hiyo, gitaa lile hatalishika tena mbele ya watu.

Shida yake haikuwa vidole, ilikuwa nyuzi. Gitaa la kaka yake lilikuwa na nyuzi nene kama waya wa breki ya baiskeli, na gumba lake lilizoea kuzipiga kwa nguvu. Nyuzi za gitaa la kanisa zilikuwa nyembamba. Akigonga besi, uzi ulipepesuka, ukagongana na vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, sauti ikapanda kisha ikashuka kama mbuzi aliyeachwa peke yake. Kijana mwenye plastiki anazigusa juu juu tu, kwa hiyo kwake si neno. Mama akasema kazi nzito haishonwi kwa uzi wa blauzi. Anataka nyuzi nene. Ndani ya mfuko wa gitaa tukakuta pakiti kuukuu ya nyuzi zile zilizokuwa kwenye gitaa, imeandikwa kumi. Mama akaitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Tukaenda mjini, mimi nikiwa nimevaa sweta lake lililonifika magotini, hadi duka la vyombo vya muziki la mzee mmoja wa Kihindi. Mzee akauliza anataka namba gani. Sasa, mtu yeyote aliyelelewa chini ya cherehani anajua hesabu ya nyuzi. Uzi namba sitini ni wa kitambaa laini, arobaini ni wa nguo za kila siku, ishirini ni wa kaki na turubai. Namba ikishuka, uzi unanenepa. Mama hakueleza anataka kuzifanyia nini, wala hakutaka kuonekana mgeni. Akasema apewe tisa, na kama kuna nane apewe nane. Mzee akauliza kama ana hakika. Mama akamjibu kwamba ameshika uzi tangu akiwa msichana. Mzee akainua mabega na kutoa pakiti ya tisa, na sisi tukarudi nyumbani kwa miguu tukitembea kama watu waliotoka kushinda kesi.

Alizivisha nyuzi zile akiimba. Alipogonga ya kwanza, akaacha kuimba. Zilikuwa nyembamba kuliko za zamani. Gumba likizigusa zinakimbia, na sauti ilikuwa ya mbu aliyeingia sikioni. Baba alikuwa mezani anakula githeri, mahindi na maharagwe, na uso wa Mama haukumtisha hata kidogo.

"Mama Ndunge," akasema, akimwita kwa jina langu, "umenunua uzi wa kushonea mbu."

Nilicheka hadi nikatolewa nje. Nikiwa pale nje ndipo nilipomwona Mwalimu Elija akija. Akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakukaa, hata chai alikataa, na mtu wa kanisani akikataa chai ujue ameshaamua. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Mama Ndunge, usijisumbue. Vidole vya mama ni vya sindano. Kesho nitakuja na yule kijana."

Mama alimshukuru. Alimshukuru kabisa, akamsindikiza hadi kwenye lango la ploti, kisha akarudi, akaketi mbele ya gitaa. Baba naye akaacha kutafuna. Baadaye kidogo Mama akaniambia niokote bahasha ndogo zilizotoka kwenye pakiti, kwa maana kila uzi ulikuja ndani ya bahasha yake, nimsomee zilivyoandikwa. Nikasoma nikianza na ya uzi mwembamba kabisa: tisa, kumi na moja, kumi na sita, ishirini na nne, thelathini na mbili, arobaini na mbili. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, na safari hii nikamwambia, "Mama, hizi zinahesabiwa kinyume na zetu. Huu mnene ndio arobaini na mbili."

Aliusugua uzi ule mnene kati ya vidole kama anavyosugua kitambaa asichokiamini. Halafu akaanza kucheka, polepole, mabega kwanza. Akasema kumbe mzee wa dukani alimpa alichoomba. Kurudisha haiwezekani, nyuzi zimeshavishwa. Lakini Mama hakuwahi kutupa nguo kwa sababu inabana. Huifumua akaitoa pindo. Akafumua. Uzi wa tisa akauweka kando kabisa. Wa kumi na moja, uliokuwa wa pili, akausogeza uwe wa kwanza. Wa tatu ukawa wa pili, na hivyo hivyo kila mmoja ukahamia kwa jirani yake, hadi nafasi ya besi ikabaki tupu. Hapo akarudisha uzi wa besi wa zamani, ule wa pakiti ya kumi, uliokuwa mnene kuliko zote. Bahati yetu ni kwamba hakuwa amekata ncha hata moja. Fundi wa nguo hakati uzi kabla hajaona kazi imekaa.

Akakaza zote kupita zilivyokazwa mwanzo, ili hata ule wa zamani usipepesuke, akasikiliza, akakaza tena. Akagonga besi kwa dole gumba. Vifungo vikaruka ndani ya mkebe. Gumba likaanza safari yake ya sokoni, kidole cha shahada kikadonoa, na uzi haukuyumba wala kulia. Baba akasimama na sahani yake ya githeri akacheza, na mimi nikacheza nyuma yake, na jirani akagonga ukuta, nasi tukadhani anatunyamazisha kumbe anafuata mpigo.

Kesho yake Mwalimu Elija alikuja na kijana wa Bahati. Kijana akasikiliza kidogo, akauliza kama anaweza kufundishwa. Jumamosi Anti Mwende aliingia ukumbini kwa mwendo wa gumba la dada yake, hatua kwa hatua, na wazee waliokunja mikono wakaikunjua. Baadaye Mwalimu alimjia Mama huku anafuta miwani, akasema, "Gitaa limepona." Mama akamjibu, "Halikuwa linaumwa, Mwalimu."

Sasa sababu ya hasira yangu. Nimesoma hadi kidato cha nne, nina mtoto wa miezi michache, na mimi ndiye ninayepiga gitaa kanisani siku hizi. Wiki iliyopita nilikwenda mjini na mtoto mgongoni kununua nyuzi. Duka limejaa pakiti kutoka sakafuni hadi dari. Mama angelia kwa furaha. Nikaomba kumi na mbili. Kijana wa dukani, aliyezaliwa juzi, akatazama mkono wangu, akatazama mtoto, akaniletea tisa. Akasema ni laini, akina mama wanazipenda. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa na Mkristo, nikaondoka na kumi na mbili zangu. Nyuzi zimekuwa nyingi, namba tunazijua, umeme haukatiki sana kama zamani, na bado mtu anasoma vidole vyangu badala ya kusoma bahasha.

Nilipita kwa Mama, bado niko moto, nikamsimulia. Ameanza kuvaa miwani lakini cherehani ni ile ile. Alisikiliza hadi mwisho kisha akaweka mkasi chini.

"Tisa," akasema. "Ya kushonea mbu."

Hasira haikuniisha, na sitaki iniishe. Lakini nilivisha zile za kumi na mbili palepale mezani kwake, kwenye gitaa langu ninaloliacha huko pamoja na spika, nikalichomeka, nikamweka mtoto pajani na kushika dole gumba lake dogo, laini kama siagi, tukagonga besi pamoja. Vifungo vikaruka, mtoto akashtuka, akageuka upande wa mkebe kutafuta ni nani aliyecheka.