Mwaka Niliopanga Safari ya Andes

Mwaka huo nilikuwa sikai mahali. Mke wangu alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: naingia sebuleni, natoka, naketi, nasimama, namimina chai na kuiacha ipoe nikiwa nimeganda dirishani. Jumamosi niliweza kutoka Kitale nikaenda Kiminini bila shughuli yoyote, nikanunua ndizi ambazo hata nyumbani zilikuwepo, nikarudi. Ukiniuliza nina nini ningekujibu kwamba nina kazi nyingi. Nilikuwa na hamu ya kuondoka, basi, na hamu hiyo ikimpata mtu wa umri wangu anaona haya kuitaja.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya kutwa hapa Kitale. Miaka nenda miaka rudi nimechora milima ya Andes ubaoni, nikawaeleza watoto wa watu habari za hewa nyepesi na viazi vya rangi kumi, mimi ambaye mbali kabisa nilikowahi kufika ni Malaba, tena upande huu wa mpaka. Halafu mwalimu mkuu akaniita ofisini. Kuna shirika linalounganisha shule za milimani, akasema, na limetuunganisha sisi tulio chini ya Elgon na kijiji kimoja cha Peru. Wanafunzi wachache na walimu wawili wangeenda huko majuma matatu, wakae na familia za wakulima, wafanye kazi nao na wajifunze maisha yao. Nauli haikuwa juu yetu. Mwenye kupanga yote awe mimi.

Nilitoka ofisini nikapita mbele ya darasa langu bila kuliona.

Nikaanza kupanga, na sikumruhusu mtu kutia hata kidole. Mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mcheshi aliyechaguliwa aende nami kwa sababu ya wasichana, alikuwa akiniuliza kama kuna la kusaidia, nami nikimjibu, "Tulia tu, Madam, kila kitu kiko sawa." Kusema kweli nilimwona kama sanduku la pili. Niliitisha mkutano wa wazazi. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti alitaka kujua binti yake atakula nini huko ambacho ni halali. Hilo lilikuwa swali la maana, nikamjibu vizuri. Kisha akasimama mzee mkulima, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "huyu kijana yangu nyumbani nikimpatia jembe anasikia kichwa inauma. Sasa ati anapanda ndege anaenda kulimia watu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakasirika, nikatoa hotuba ndefu kuhusu kujifunza kwa mikono, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kucheka. Lakini walikubali. Mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza kukubali.

Mwenyeji wetu huko kijijini alikuwa mwalimu pia, mwanamke mwenye mashavu mekundu ya baridi, na tulizungumza naye kwa video kwenye chumba cha kompyuta, mimi na Kiingereza changu na yeye na chake. Yeye ndiye aliyesema Agosti. Mwezi huo, kabla ya kupanda mbegu, kijiji chake husafisha mfereji unaoteremsha maji ya kumwagilia kutoka juu mlimani. Kila nyumba hutoa mtu. Wanafanya kazi pamoja, wanakula pamoja, wanaimba, na nyumba isiyotoa mtu inabaki na jina baya. Wanafunzi wetu wangeingia mferejini pamoja na wenyeji.

Niliposikia hivyo nilifurahi. Agosti kwetu shule zimefungwa. Hata mvua yao ilikuwa imepangwa vizuri. Nikasema Agosti, mwalimu mkuu akasema Agosti, wazazi wakasema Agosti, na katika ukumbi ule wenye Wabukusu wenzangu kibao hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Sasa niseme kosa letu lilikuwa wapi, maana mtu wa kwingine hawezi kulifanya. Kwetu tohara huja Agosti, lakini si kila Agosti. Huja mwaka mmoja na kuruka mmoja. Agosti ya mwaka wa kisu, Bungoma nzima haina nafasi: njuga zinalia barabarani, watu hawalali, mafahali wanachinjwa. Agosti inayofuata ni kimya, unaweza kufanya harusi, unaweza kujenga. Sisi tulipanga safari tukiwa ndani ya mwaka wa kimya, na tukaisogeza mwaka mmoja mbele vivi hivi, kana kwamba Agosti zote ni za mama mmoja. Wengine hawakupoteza kitu, kwa kuwa vijana wao walikwisha kupita. Aliyepoteza ni mimi.

Dada yangu alinipigia simu mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Mama yetu alituzaa wawili tu, mimi na yeye. Dada ameolewa Myanga, na mumewe amefariki.

"Ndugu yangu," akasema, "kijana amesema anataka kisu."

"Kisu gani?" nikauliza. Kichwa changu kilikuwa kwa mambo ya viza.

Akasema, "Wewe bado ni Mbukusu ama siku hizi ni mzungu?"

Nikakaa chini. Mwanawe huyo alipaswa kutahiriwa msimu uliopita, akaugua kifua, wenzake wakaenda bila yeye. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita. Wenzake shuleni hawakuwa wakimhesabu kuwa mtu, hata kuoga naye walikuwa hawataki. Na kijana wa kwetu hawezi kusimama mbele ya kisu kabla hajafika kwa khocha, yaani mjomba wake, ndugu ya mama. Siku moja kabla, khocha anamchinjia fahali, anakata ukanda wa nyama ya kifuani na kumvika shingoni, anamwambia maneno makali, anampiga kofi, anamrudisha kwao. Huo ndio ushahidi kwamba mama yake ana kwao. Khocha wa kijana huyu ni mimi peke yangu chini ya jua. Na siku waliyochagua watu wa Myanga ilianguka katikati kabisa ya yale majuma yangu matatu.

"Si binamu yetu wa Naitiri anaweza kusimama?" nikamwuliza.

"Huyo binamu alinyonya kwa mama yangu?"

"Nauliza tu."

"Usiniulize. Tangu mume wangu aende, hawa watu wananiangalia. Mtoto akivikwa nyama na binamu watasema huyu mama aliokotwa kwa barabara. Watamwimbia hiyo wimbo mpaka azeeke."

Akakata simu.

Majuma yaliyofuata sikuwa na raha hata ya dakika. Nilijaribu kusogeza safari. Mwenyeji wetu alinisikiliza kwenye video, akatikisa kichwa. Mfereji haungoji, alisema, na Desemba mvua zao hubomoa barabara. Nikamwambia nina shughuli ya mtoto wa dada yangu, nikamweleza kidogo kidogo. Ilikuwa kama namsimulia habari anayoijua. "Na kwenu usipokuja wewe," akauliza, "nyumba yenu imetoa nani?" Nikasingizia mtandao, nikazima.

Nilitembea mpaka viatu vikaisha visigino. Nilimgombeza mke wangu kwa ajili ya chumvi. Nilijiambia kwamba tatizo si mimi, tatizo ni wanafunzi: nani atawapeleka, nani anajua mipango, wazazi wataniamini vipi? Hoja hiyo niliipenda sana, nikaipeleka mpaka kwenye chumba cha walimu, nikamweleza mwalimu wa Kiswahili kwamba nisipokwenda mimi, safari imekufa.

Alikuwa anasahihisha insha. Hakuinua kichwa.

"Safari haitakufa, Mwalimu. Tutaenda. Ni wewe tu ndiye hutakuwepo."

"Na wazazi?"

"Wazazi wameshaniuliza. Wamenipa mpaka namba za mashangazi." Ndipo akaniangalia, na wala hakuwa na ubaya machoni. "Pole. Najua ulitaka sana."

Kusikia mtu akisema hivyo waziwazi kuliniuma kuliko kama angenicheka. Nilitaka sana, ndiyo. Nilitaka kusimama juu ya kitu nilichokichora maisha yangu yote. Na nilitaka kiwe changu mimi, kwa majuma matatu tu, kisha nirudi kuwa mume wa mtu na mwalimu wa watu na khocha wa yeyote. Bado sikukubali. Nilimwambia dada nitaona, na mwalimu mkuu nikamwambia nitaona.

Kijana alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, nikasikia njuga langoni. Amevaa shanga kifuani, uso umepakwa unga, na vijana wawili wa kumsindikiza. Alikuwa anazunguka kualika jamaa, kama ilivyo desturi, na amesafiri kutoka Myanga hadi Kitale kunialika mimi. Akapiga njuga, akacheza pale uani kwa nguvu zote, majirani wa kila kabila wakichungulia juu ya ukuta. Mke wangu alipiga vigelegele. Mimi nilisimama mlangoni na mikono mfukoni.

Alipoingia kula aliona sanduku jipya kando ya kochi, na koti zito juu yake.

"Khocha, unasafiri?"

Nilikuwa na majibu mengi, likatoka la kweli. Nikamwambia kuhusu Andes na mfereji, nikamtajia na tarehe. Alisikiliza huku akitafuna, akameza, akapangusa mikono.

"Naweza ngoja," akasema.

"Kungoja nini?"

"Mpaka ile msimu ingine. Wewe enda, khocha. Mama nitamwambia ni mimi nimeogopa."

Akaanza kuvua njuga. Alivua moja, akaiweka juu ya meza taratibu ili isilie, akashika ya pili. Wale wenzake wawili waliacha kula. Hawakuamini, nami pia sikuamini. Miaka miwili zaidi ya kuchekwa, na juu yake jina la mwoga, ambalo kwetu mtu hulibeba hadi kaburini. Na alisema bila kunung'unika, kama unavyompisha mzee kwenye kiti. Nilimchukia kwa dakika nzima. Mtu anakutazama ukiwa mdogo hivyo halafu hata hajui kwamba amekuona.

"Vaa hizo vitu," nikamwambia. "Nani amekuambia uvue?"

"Khocha, lakini..."

"Vaa!"

Akavaa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu karibu na tangi la maji mpaka walipoondoka.

Asubuhi ya safari niliwasindikiza mpaka kwenye basi la Nairobi. Nilimkabidhi mwalimu wa Kiswahili kila kitu, hata lile koti, akalichukua ingawa lilikuwa kubwa kwake. Wanafunzi walinishika mkono mmoja mmoja. Basi lilipoondoka nilibaki nikipunga mkono hadi makanga wa gari lingine akaniuliza kama naenda Bungoma.

Juma lililofuata nilikuwa Naitiri, nyumbani kwetu, na fahali mweusi amefungwa mtini. Tulimchinja mapema. Nikiwa na damu mpaka viwikoni simu ikalia mfukoni, nikaitoa kwa vidole viwili. Ilikuwa picha. Wanafunzi wangu wako ndani ya mfereji, matope magotini, wanacheka, na nyuma yao mlima mweupe, mkubwa kupita chochote nilichowahi kuchora. Mwalimu wa Kiswahili amesimama katikati ndani ya koti langu, ameshika sepetu.

Nikiwa bado na hiyo picha machoni nikasikia lori. Watu wa Myanga walishuka barabarani wakaingia uani wakiimba, mamia, vumbi tupu, na mbele yao kijana, macho yamewiva kwa kukosa usingizi. Dada yangu alikuwa nyuma na wanawake. Nikamvika ile nyama shingoni. Nikamwambia maneno ambayo khocha husema, kwamba kama anaogopa arudi akanyonye, kwamba nyumba hii haikuzaa watu wa kulia, mwanamume halii. Kisha nikainua mkono nikampiga kofi.

Kofi la desturi ni la kuamsha. Hili lilisikika mpaka kwa wapishi. Wazee waligeuka kunitazama. Kijana aliyumba, akasimama, hakupepesa jicho, na watu wakalipuka kwa wimbo wakamchukua wakaondoka naye.

Kesho yake alisimama kwa kisu kama mti. Nilikuwepo, niliona.

Baada ya siku chache nikaenda kumwona Myanga. Alikuwa kwenye nyumba ya kupona, amejifunga shuka, amekonda lakini ana uso mpya. Nikakaa kwenye kigoda. Tukaongea habari za uji, na za nani alisimama vizuri na nani aliyumba. Kisha akanitazama kwa pembeni.

"Khocha, lile kofi. Lilikuwa langu ama lilikuwa la Andes?"

Nilitaka kumkemea. Nikashindwa.

"Nusu," nikasema. "Nusu ilikuwa yako."

Alicheka mpaka akajishika paja kwa maumivu, na kadiri yalivyomuuma ndivyo alivyozidi kucheka, nami nikacheka naye, kicheko cha kwanza tangu mwezi wa sita. Nikacheka hadi machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi hayakuisha. Nikainamisha uso kwenye mikono. Nililia mbele ya mtoto ambaye hakutoa chozi chini ya kisu.

Alikaza shuka yake kiunoni. Kisha akajisogeza kwa shida juu ya mkeka mpaka akanifikia, akaniwekea mkono begani.

"Lia tu, khocha," akasema. "Hapa tuko wanaume peke yetu."