Usiiguse Ile Ruta

Nilipopata kazi ya miezi mitatu Kasulu, kuchora ramani za zahanati, kompyuta yangu kubwa ilibaki Kibondo, sebuleni kwa mama. Chumba nilichopanga kilikuwa na mlango ambao hata mbuzi angeusukuma ukafunguka. Nikaamua kuitumia mashine kwa mbali: laptopu yangu kuukuu iwe Kasulu, ifungue skrini ya Kibondo kupitia ruta, kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani, nami nichore kama vile nimekaa kwenye kiti changu.

Siku nne mambo yalikwenda vizuri, kisha vituko vikaanza. Kila ifikapo saa tisa alasiri, skrini inaganda, na nikijaribu kurudi naambiwa kompyuta haionekani. Nilikagua nywila, nikakagua mipangilio ya ruta, nikawatukana watu wa mtandao ambao hawakuwa na kosa lolote. Siku ya tatu ya kuhangaika ndipo nikagundua kwamba anwani ya intaneti ya nyumba yetu ilikuwa inabadilika. Ruta ikizimwa na kuwashwa inapewa anwani mpya, na mimi nabaki kubisha hodi kwenye ile ya jana. Basi kulikuwa na mtu anayeizima, na nyumba ile anakaa mtu mmoja tu. Nikampigia simu.

"Mama, unazima ile ruta?"

"Nachomoa, mwanangu. Mvua zimeanza. Inkuba ikinguruma nachomoa vyote."

Kwetu milimani inkuba, yaani radi, si hadithi. Mama hufunika kioo kwa kanga, huchomoa redio, kisha huenda kukaa jikoni, nyumba ya nje, mpaka ipite. Nimekua nikiyaona hayo, na siku ile nikayaita mambo ya kizamani. Nilimwambia mama kwamba mkandarasi aliyenipa kazi hana subira, na kazi ikipotea atakuwa ameipoteza yeye, mama. Mimi nikikasirika sauti hupanda mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta, na siku hiyo aligonga.

"Usiiguse," nikamwambia. "Kaa hapo, uangalie ile taa yake ya kijani isizimike."

"Haya, mwanangu."

Hakubisha, nami nikaona nimeshinda.

Siku mbili nilichora mpaka jioni bila kukatika. Ya tatu, niko katikati ya kuchora chumba cha kujifungulia, skrini ikaganda. Sikushtuka. Nikajaribu mara moja, mara mbili, kisha nikampigia mama anisomee anwani mpya kwenye kompyuta. Simu yake haikupatikana.

Nikatoka nje. Kasulu jua lilikuwa linawaka, watu wanaanika mihogo, lakini kule kaskazini, upande wa Kibondo, wingu lilikuwa jeusi tii kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo hofu iliponishika. Nilikumbuka neno nililomwambia: kaa hapo. Nilikuwa nimemweka mama yangu pembeni ya nyaya, saa ya radi, kwa ajili ya mistari ya ramani.

Nilipiga tena na tena. Kila mara yule dada wa kwenye simu, kwa adabu zake zote, ananiambia haipatikani. Nikarudi kwenye laptopu nikabonyeza kuunganisha, nikabonyeza tena, maana nilikuwa nimejidanganya kwamba ile skrini ikifunguka, basi mama ni mzima. Haikufunguka. Nilimwomba Mungu, nikamwahidi mambo nisiyoyaweza, kisha nikatapika kwenye beseni la kufulia.

Nikamkumbuka mwenye duka wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kiislamu ambaye humwita mama dada. Alipokea nilipopiga mara ya tano.

"Binti, radi imepiga nguzo hapa kwenu," akasema. "Naona moshi unatoka dirishani. Ngoja nivuke."

Nikasikia miguu yake kwenye matope. Nikamsikia akigonga mlango. "Dada! Dada!" Hakuna aliyejibu. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nimejiziba mdomo kwa kiganja ili nisipige kelele.

Halafu bawaba zikalia.

"Yupo," mzee akasema, naye anahema. "Alhamdulillahi, yupo. Ndiyo kwanza anainuka. Alikuwa kwenye kiti, karibu kabisa na hiyo mashine. Masikio yanamvuma, na mkono umeungua kidogo. Simu yake ilikuwa kwenye chaji, imekufa. Chukua, dada, ni binti yako."

Nikasikia pumzi za mama. Mama ndiye aliyeanza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, haraka haraka, akiwahi kabla sijasema neno.

"Taa imezimika, mwanangu. Lakini nakuapia, mimi sikuigusa."