Shangazi na Mistari Myeupe

Shangazi yangu ni fundi wa mabomba, na hasahau. Tabia hiyo nimeirithi kwake, ndiyo maana nasimulia haya kwa raha zote.

Baba, kaka yake mkubwa, alitaka nyumba ipate joto kutoka ardhini: mabomba yazikwe bustanini, maji yazunguke humo yakiokota joto la udongo, pampu ilikuze na kulisambaza vyumbani. Shangazi alipima bustani siku mbili, akachora mitaro sita, Baba akatia saini.

"Kaka, bomba na bomba mita nzima. Ukiyabana yatanyang'anyana joto."

Lakini mtaro wa sita ulipita kwenye mawaridi ya Baba. Akangoja dada yake asafiri kikazi, akaita vibarua, akayabana mabomba yote upande mmoja. Akafukia, akapanda nyasi.

Baridi ilipoingia tulilala na makoti. Baba akawatangazia ndugu na majirani, "Dada ndiye aliyechora. Yule anajua kuzibua sinki tu." Wateja watatu wakamkimbia shangazi. Jina alilolijenga miaka ishirini likawa kichekesho. Alilia mara moja, mbele yangu, kisha akafuta uso.

"Acha baridi ikaze," akasema.

Ikakaza. Asubuhi moja shangazi alimwita kila aliyecheka. Jua lilikuwa limeyeyusha barafu bustani nzima isipokuwa juu ya mabomba, ambako udongo ulikuwa umenyonywa joto lote. Palibaki mistari sita myeupe, imesongamana upande mmoja, na mawaridi yamestarehe upande wa pili. Shangazi akakunjua mchoro, akampa jirani mmoja, bingwa wa umbeya, futi ya kupimia.

"Pima, usome kwa sauti."

"Sentimita arobaini."

"Na mchoro unasemaje?"

"Mita moja." Jirani akainua macho. "Saini hii si yako, mzee?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba iliishia hapo kwenye nyasi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tufanyeje, dada?"

Shangazi akamkabidhi sepetu, akamwonyesha mawaridi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anza hapo, kaka."

Hakuna aliyeondoka. Baba aling'oa shina la kwanza, akageuka kunitazama, labda nimwonee huruma. Mimi nilikuwa namletea shangazi kiti.