Avoka Kwenye Udongo wa Munyu

Euphrasie M'Cirhuza hajui kungoja. Kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, anapouza maharagi, wenzake humtania kwamba chai yake huinywa ingali motoni. Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, atakujibu, "Mbivu gani? Zote zinaozea hapa!" Na hizo zilizooza ataziokota azitie guniani. Ndiyo kazi yake ya pili. Soko likifungwa anakusanya maganda ya ndizi, kabeji zilizochacha, makapi ya maharagi, mbegu za avoka na machicha ya ndizi walizokamulia pombe ya kasiksi. Yote anayashusha Kamanyola, juu ya Fuso ya Glody inayokwenda kuchukua mpunga.

"Mama Gloire, hii harufu itaniua!" Glody hulalamika, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Utakufa umeshiba," humjibu. "Endesha."

Huko Kamanyola, tambarare inapoanzia chini ya mlima wa Ngomo, muzee Anaclet alimpa shamba ambalo hakuna aliyelitaka. Udongo wa munyu, wenye chumvi. Ukikauka unapasuka na kuota weupe juu, kama unga uliomwagika. Mvua ikinyesha unageuka gundi, maji yanakaa juu hayazami, na mahindi yanakufa kwa kiu huku yamesimama majini. Alimpa kwa bwasa, desturi ya Bushi: unalima msimu kwa msimu, unamgawia mwenye shamba mavuno, na hupandi ndizi wala mti wowote. Mti ni ushahidi. Anayepanda mti anasema shamba ni lake, hata kama hajafungua mdomo.

Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, alikuwa amewaeleza waumini wa kanisa la Nyangezi, Euphrasie akiwamo, kwamba munyu huusonga pumzi udongo wa namna ile. Ukifukia taka zinazooza, udongo unafunguka, maji yanapita, na munyu unashuka nayo. Wengine walisikiliza, wakala fufu, wakarudi makwao. Euphrasie, kesho yake, alikwisha kufukia gunia la kwanza.

Miaka minne! Akachimba mifereji, akafukia, akapima. Alimwaga beseni la maji kwenye tuta ili aone yatazama lini. Mwaka wa kwanza aliyaacha asubuhi, akayakuta saa sita bado yanang'aa. Mwaka wa nne yalizama kabla hajamaliza kujifunga kitenge. Badala ya kufurahi, roho yake ikawa juu juu. Shamba lilipokuwa baya hakuna aliyemwonea wivu. Sasa limependeza, ataachiwa kweli? Yeye ni mjane, na watoto watatu wanakula kutoka pale. Kila Fuso ilipoteremka Ngomo, macho yake yalilitangulia gari, yakitafuta kama kuna mtu anayepima mipaka.

Ndipo zile mbegu za Kadutu zikaota. Avoka tano, kimo cha goti, katikati ya maharagi. Aliziona mapema, na desturi aliijua kuliko sala ya asubuhi. Zilitakiwa kung'olewa siku ileile. Lakini sikiliza ujinga wa mtu mwerevu: alitamani kuona mti umesimama kwenye munyu. Yeye asiyengoja chai ipoe, akazingojea avoka! "Nitang'oa wiki ijayo," akasema. Wiki iliyofuata mvua ikakata barabara ya Ngomo, na wiki nyingine pia.

Barabara ilipofunguka alimkuta Anaclet shambani, pamoja na jirani yake Patrice aliyeletwa awe shahidi.

"Mama Gloire, nilikupatia bwasa. Hii miti inasema nini?"

"Papa, sikupanda. Ni mbegu ya taka ya soko."

"Mbegu haina miguu."

"Ilikuja mu gunia, papa! Naing'oa yote sasa hivi, Patrice aone."

Akapiga magoti. Mche wa kwanza ulikataa. Akachimba kwa vidole, akavuta, na mzizi ukaja mzima, mrefu hadi kiwiko chake, udongo mweusi laini ukipukutika. Masikini, alidhani anajitetea, kumbe anatangaza! Anaclet akainama, akaokota donge, akalivunja kwa vidole viwili. Avoka hakuzitazama tena. Alitazama shamba lote, kutoka mfereji hadi mfereji.

"Maharagi utavuna," akasema taratibu. "Kisha mutoto yangu Yannick njo atalima hapa."

Patrice akaangalia pembeni. Euphrasie alipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma, lakini atamshtaki wapi mtu ambaye desturi iko upande wake? Miaka minne ya uvundo mgongoni, imekwenda kwa neno moja. Alilia palepale, wala hakuona haya.

Kisha macho yake yakavuka mfereji. Upande wa pili kulikuwa na kipande kingine cha Anaclet, cheupe tupu, ambacho hata mbuzi hawakanyagi. Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Papa Anaclet, ile kule unipatie. Lakini siyo bwasa. Kalinzi."

Kalinzi ni jambo jingine. Unatoa mbuzi au ng'ombe mbele ya shahidi, na ardhi inakuwa yako na ya watoto wako. Miti unapanda utakavyo. Anaclet alicheka mpaka akakohoa.

"Utoe mbuzi juu ya munyu?"

"Mbuzi juu ya munyu."

"Lete basi!"

Ilikuwa siku ya soko Kamanyola. Mwingine angesema kesho. Euphrasie alikimbia, na wazee wale walikuwa bado wanapiga soga kando ya barabara aliporudi, jasho likimtiririka, akimvuta beberu asiyetaka kuvutwa. Mtaji wake wote wa maharagi uliishia kwenye kamba ile. Patrice ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alitazama shamba jeusi, akatazama lile jeupe, akamtazama mwenzake. Lakini neno lilikwisha kutoka, na shahidi ni yeye mwenyewe. Anaclet akapokea kamba.

"Na kama yote itabaki munyu?" akauliza.

"Itakuwa munyu yangu, papa."