Majina Kumi na Manane ya Ukumbi wa Waserbia

Enzi zetu pale Bellevue, kwenye jiji la dhahabu huku kusini mwa Afrika, mtoto alikuwa na kazi tatu: kwenda shule, kwenda madrasa kule Mayfair, na kukariri. Sisi tuliokulia kwenye zile nyumba kuukuu zilizogawanywa chumba chumba tulikariri kila kitu: sura, jedwali la kuzidisha, namba ya jirani mwenye simu. Watoto wa leo hata namba za mama zao hawazijui. Simu ikiisha chaji, ni mayatima.

Mimi nilikariri na cha ziada: historia ya chama cha utamaduni na elimu cha Waserbia. Mama yangu, Rehema, mtu wa Tanga, alikuwa mpishi wa ukumbi wao, mtaa wa pili kutoka kwetu. Jumamosi watoto wao walikuja kujifunza lugha na ngoma za kwao, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia, nilisoma nao. Nakumbuka harufu ya kabichi ikichacha kwenye mapipa, na sakafu ya mbao ikitetemeka tulipocheza duara tumeshikana mikono. Zaidi ya yote nakumbuka ngano. Siku ya mtakatifu wao ikikaribia, Mama aliichambua, akaichemsha, akaianika juu ya kitambaa, akaisaga na kuichanganya na sukari na kokwa za jozi. Nguruwe hakumgusa. Aliwaambia mapema kwamba ndani ya kabichi atafunga nyama ya ng'ombe, na asiyetaka apike mwenyewe. Hakuna aliyejitolea. Baada ya mwaka mmoja wakawa wanaapa kwamba ile ya nguruwe haina ladha.

Siku hiyo ilikuwa na desturi yake. Kabla mkate haujakatwa, mtoto mmoja alisimama na kuisema historia ya chama kwa kichwa: jinsi wachimba migodi walivyotoka kwao, wakakodi chumba, wakajenga ukumbi, na mwisho majina kumi na manane ya waasisi, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, mtoto aliyechaguliwa, Nikola, alikwama kwenye jina la sita. Nikaendelea mimi. Tatizo ni kwamba kukariri nilikujua kwa namna moja tu, ile ya madrasa: nikafumba macho, nikayumba mbele na nyuma, nikayavuta majina ya Waserbia kama niliyekuwa mbele ya ustadhi. Jovaaan. Stevaaan. Watu waligonga meza kwa kicheko, kisha wakapiga makofi. Katibu wao, Bwana Milan, akafuta machozi.

"Rehema, binti yako tumemwiba!"

"Eish, mchukueni," Mama akajibu kutoka mlango wa jikoni. "Lakini mjue anakula."

Tangu hapo kila mwaka nilisema mimi. Nilipofika umri wa maswali, nikamwuliza Bwana Milan matofali ya ukumbi aliyajenga nani, maana kwenye hadithi yetu wote ni wachimbaji, hakuna fundi hata mmoja. "Mtoto anakariri, haulizi," akasema. Ustadhi wangu Mayfair alikuwa na jibu lilelile, nikaona wazee wa pande zote mbili wameelewana.

Mwaka jana Bwana Milan alinipigia simu. Ukumbi ulishauzwa, siku hizi ni ghala la magodoro. Karatasi za chama zilioza kwa maji ya paa. Watoto wao wako Kanada na Australia, na Nikola hapokei simu. Wazee waliobaki walitaka kuandika kitabu cha historia.

"Zuhura, majina bado unayo?"

Nikamwambia ninayo, ila Mama naye awemo kitabuni. Amewapikia miaka kumi na tisa.

"Bila shaka," akasema. "Bila shaka kabisa."

Nikayumba peke yangu chumbani, nikarekodi, nikatuma. Kumi na manane, hakuna lililoruka.

Kitabu kilifika mwezi uliopita, jalada gumu. Mama alikaa kitandani, akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Niko ukurasa gani?"

Nilikuwa nimeshatafuta mara mbili. Nikafungua katikati, nikamsomea kwa Kiswahili: "Mpishi wetu Rehema, kutoka Tanga, alitulisha miaka yote..."

"Soma Kiserbia chao."

"Mama, ni kilekile tu..."

"Miaka kumi na tisa nilikuwa jikoni, Zuhura. Sikuwa kiziwi."

Nikasoma kilichokuwepo, sentensi moja: katika sherehe, akina mama wa chama waliandaa chakula. Akaisikiliza mpaka nukta.

"Akina mama wa chama," akairudia kwa Kiserbia, kwa lafudhi nzuri kuliko yangu. "Wale hata kuitoa ngano mawe hawajui." Kisha akauliza kama majina ya waasisi yametoka sawasawa. Nikasema yametoka sawasawa. Akasema vizuri, akaenda kuweka chai.

Nimejaribu kuyasahau. Yananijia nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nasubiri kuvuka, Jovan, kisha Stevan, na mwili unaanza kuyumba wenyewe. Enzi zile tulikariri bila kuuliza, na tulicheka. Siku hizi nina shahada, nauliza kila kitu. Rafiki zangu wananikimbia kwa maswali. Siku moja tu ndiyo nilipaswa kuuliza, kumwambia yule mzee anionyeshe kwanza ukurasa wa mama yangu. Siku hiyo nilifumba macho, nikakariri.